Tangi Moja, Amana ya Wengi: Ziara ya Kikima, Mji wa Maziwa wa Mbooni

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji, maziwa hayakosekani katika nyumba zetu za Pwani. Asubuhi tunayatia katika chai, jioni ya Ramadhani tunayanywa pamoja na tende, na mgonjwa anaposhindwa na chakula tunampikia uji wa maziwa. Lakini wengi wetu tunayajua kuanzia dukani tu. Qur'ani Tukufu, katika Surat An-Nahl aya ya 66, inatutaka twende nyuma zaidi ya hapo: tumtazame mnyama mwenyewe na tuzingatie namna Mola anavyotoa ndani ya tumbo lake kinywaji safi chenye kumpendeza mnywaji. Mazingatio hayo, pamoja na haja nyingine nitakayoieleza, yalitupeleka Ukambani hadi mji mdogo wa Kikima, katika milima ya Mbooni, kaunti ya Makueni.

Haja yenyewe ni hii. Familia 12 za mtaa wetu zimekuwa zikiweka akiba pamoja kwa nia ya kufuga ng'ombe wa maziwa katika shamba la mmoja wao huko bara ya Kwale. Fedha zilipokaribia kutosha, mzozo ukaingia. Baadhi walisema: sisi ni majirani, tunaswali safu moja, ya nini mikataba na madaftari? Wengine, wakiongozwa na Bi Mweka Hazina wa kikundi, walisema hawatatoa hata shilingi moja mpaka kila jambo liandikwe. Maneno yakawa makali, watu wawili wakaacha kuamkiana, nami nikaombwa nisuluhishe. Niliona ni kheri, kabla ya kutoa neno lolote, twende tukawatazame watu wanaochanganya maziwa yao katika tangi moja kila siku na bado wanaamkiana. Tukaondoka wanne: Bi Mweka Hazina na mumewe, kijana mmoja wa upande wa pili wa mzozo, na mimi.

Njia ya kupandia

Kutoka Mombasa tulipanda treni ya SGR inayosimama vituo vya njiani, tukateremka Emali. Msafiri wa Pwani asidhani kwamba hapo ameingia nchi isiyomjua. Mbele kidogo, kwenye reli ya zamani, upo mji wa Sultan Hamud, ambao jina lake ni la Sayyid Hamud bin Muhammad, Sultani wa Unguja aliyetawala tangu 1896 hadi alipofariki 1902. Misikiti ipo katika miji hiyo ya barabarani, na adhana husikika kama kwetu.

Emali tulichukua matatu hadi Wote, makao makuu ya kaunti ya Makueni, kisha nyingine ya kupanda milimani. Ardhi ya chini ni kavu, ya vichaka vya miiba na mito ya mchanga ambayo kwa miezi mingi haina maji ya kuonekana. Kadiri gari linavyopanda, hewa hupoa, migomba na miparachichi huanza kuonekana, na miteremko hukatwa ngazi kwa ngazi kama vidato vya minbari. Anayekwenda mwezi wa Julai na achukue koti zito. Sisi tulijifunika mashuka ndani ya gari na abiria wenzetu wakatucheka kwa upole.

Tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama sheria inavyomruhusu msafiri, katika uwanja wa nyasi nyuma ya duka. Mwenye duka, ambaye si Muislamu, alituletea maji ya kutawadhia bila ya kuombwa.

Mlima wa asili

Kikima ni mji wa soko juu ya milima ambayo Wakamba wanaihesabu kuwa miongoni mwa makazi yao ya kwanza. Masimulizi yao yanaeleza kwamba wazee wao walitoka upande wa Kilimanjaro, wakapita penye vilima vya Chyulu, wakafika Nzaui, kisha wakapanda Mbooni na kukaa. Walipata huko vitu vitatu ambavyo tambarare haikuwapa: maji, mvua ya kutosha na mahali pa kujilinda. Baadaye watu wakawa wengi kuliko ardhi, wakateremka na kutawanyika, na wengine wakavuka mto Athi wakaingia nchi ya Kitui.

Huko Kitui ndiko alikotoka Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara ya pembe, ambaye watu wake walikuwa wakishuka hadi Mombasa kabla ya Mzungu yeyote kuijua njia hiyo. Mmishonari Ludwig Krapf, aliyekuwa Rabai, alifika Kitui akiwa mgeni wa Kivoi mwaka 1849, na huko ndiko alikouona Mlima Kenya kwa mbali. Kwa hiyo babu zetu wa Mombasa na babu zao walijuana sokoni, kwa mizani na kwa ahadi. Nalisema hili kwa sababu vijana wetu wengi humjua Mkamba kama dereva wa lori au mchongaji wa vinyago tu, ilhali ujirani wetu ni mkongwe kuliko barabara na reli.

Ng'ombe wa Ukambani na mfungwa wa Lamu

Hauwezi kuandika juu ya ng'ombe wa Ukambani ukauacha mwaka 1938. Serikali ya kikoloni ilitazama mmomonyoko wa udongo katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni ya leo, ikaamua kwamba Wakamba wana ng'ombe wengi mno. Haikuuliza kwa nini watu wamesongamana, wala haikuzungumzia mashamba ya walowezi yaliyowazunguka na kuwazuilia malisho. Iliamuru ng'ombe wapunguzwe kwa lazima na wauzwe kwa bei ya chini, na wakati huo huo kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimejengwa Athi River kikisubiri mifugo.

Kwa Mkamba ng'ombe alikuwa akiba ya mwaka wa njaa, mahari ya kijana na maziwa ya mtoto. Mwezi wa Julai 1938 watu kwa maelfu, wanaume, wanawake na watoto, waliondoka kwa miguu wakaenda Nairobi, wakapiga kambi na kutaka kumwona Gavana. Kiongozi wao alikuwa Muindi Mbingu. Serikali ilimkamata na kumhamisha mbali na watu wake, na mahali ilipomchagulia palikuwa Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha, amri ya kuuza ng'ombe kwa nguvu iliachwa.

Ndugu zangu wa Lamu, mtu huyo alikuwa mgeni wenu. Leo Nairobi ina mtaa wenye jina lake, na wengi wanaopita hapo hawajui kwamba sababu ya kufungwa kwake ilikuwa ng'ombe, wala hawajui kwamba kifungo chake kilikuwa Pwani. Nilipowataja wenyeji wa Kikima jambo hili, mzee mmoja alinishika mkono akasema, "Kumbe nyinyi ndio mliomkalisha." Nikamjibu kwamba waliomfunga ni wengine, na waliomkalisha ni wenyeji wa Lamu. Akacheka, akatuitia chai.

Ng'ombe wawili badala ya ishirini

Udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli, na hilo hakuna aliyelikana. Tofauti ni kwamba dawa iliyolazimishwa ilikataliwa, na dawa ambayo watu waliishika kwa mikono yao ikadumu. Njia hiyo ina jina la Kiswahili ambalo limeenea hata katika vitabu vya Wazungu: fanya juu. Mkulima huchimba mtaro kufuata usawa wa mlima, na udongo anaouchimba huutupa upande wa juu. Tuta hilo huzuia maji na udongo, na baada ya misimu kadhaa mteremko hugeuka ngazi. Kazi hiyo aghalabu hufanywa kwa mwethya, ambao ni ushirika wa zamani wa Wakamba wa kufanyiana kazi kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu, na asiyefika huulizwa.

Juu ya matuta hayo hupandwa nyasi za nepia, ambazo wengine huziita mabingobingo. Nyasi hizo hushika udongo kwa mizizi na hukatwa majani yakawa chakula cha ng'ombe. Ng'ombe naye hatembei. Hukaa bandani, hupelekewa majani na maji, na samadi yake hurudi shambani. Kwa namna hii familia yenye kishamba kidogo huweka ng'ombe wawili wa kisasa, wa Friesian au Ayrshire au chotara wao, mahali ambapo babu yake alihitaji uwanda mzima kwa ng'ombe wa kienyeji. Mlango wa njia hiyo kwa wakulima Waafrika ulifunguliwa na Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Kabla ya hapo biashara ya maziwa nchini ilikuwa zaidi mikononi mwa walowezi.

Kijana wetu, ambaye alikuja na hesabu za faida katika simu yake, alisikiliza mambo haya na uso wake ukaanza kubadilika. Ng'ombe mmoja anayekamuliwa hunywa lita 40 za maji kwa siku na huweza kufika 80 wakati wa joto. Majani ya kiangazi lazima yahifadhiwe wakati wa mvua. Kupe wakiachwa humletea ndigana, ugonjwa ambao Wazungu waliupa jina la homa ya Pwani ya Mashariki, na ng'ombe wa kisasa hufa nao upesi kuliko wa kienyeji. Akiugua kiwele na kuchomwa sindano, maziwa yake hayauzwi mpaka siku zilizoandikwa katika dawa zipite, na siku hizo zote anakula kama kawaida. "Sheikh," akaniambia kijana, "katika hesabu yangu ng'ombe hakuwa anaugua."

Nami nikamkumbusha kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alichunga mbuzi akiwa Makka, na nyumbani kwake alikuwa akikamua mbuzi kwa mkono wake. Kazi hii ina heshima, lakini haijapata kuwa kazi ya mtu aliyelala.

Asubuhi ya kupokea maziwa

Tulikesha Kikima, na alfajiri baada ya swala tukatoka. Mji ungali na ukungu, watu walikuwa wakiteremka na kupanda vijia: huyu na mkebe wa alumini begani, huyu juu ya pikipiki, mtoto wa shule na chombo kidogo kabla ya masomo. Kikima ina chama cha ushirika cha wafugaji na kiwanda cha maziwa kilichoinuliwa kwa msaada wa serikali ya kaunti, ambacho hupokea maziwa ya milimani, huyachemsha kwa kipimo na kuyatia katika pakiti.

Mpangilio wa kupokea maziwa ni mmoja katika vyama vingi vya namna hii, nao unastahili kuelezwa. Kwanza maziwa hutazamwa na kunuswa. Kisha hutiwa laktomita, chombo kinachoelea juu zaidi au chini zaidi kulingana na uzito wa maziwa. Maziwa halisi ya ng'ombe ni mazito kidogo kuliko maji, kiasi cha gramu 1.028 hadi 1.032 kwa mililita. Yakitiwa maji, chombo huzama kupita alama yake. Halafu kiasi kidogo huchanganywa na spiriti. Yakiganda, maziwa yameanza kuchacha na hayatahimili moto. Kijana alininong'oneza kuhusu spiriti hiyo. Nilimwonyesha kwamba maziwa yaliyopimwa humwagwa na hayarudi mkebeni, kwa hiyo kinywaji cha watu hakikuguswa.

Baada ya vipimo huja mizani, na baada ya mizani huja kalamu. Kila mfugaji ana namba yake. Kilo zake huandikwa katika daftari la chama na katika kitabu chake mwenyewe, yeye akiwa amesimama. Ndipo maziwa yake humiminwa katika tangi la ubaridi, ambalo huyashusha hadi karibu nyuzi 4 za Selsiasi. Tangu hapo hakuna awezaye kusema, "Haya ni yangu."

Bi Mweka Hazina alisimama penye kalamu muda mrefu kuliko penye tangi.

Mchana tulikaribishwa na mama mmoja mfugaji, mjane wa makamo mwenye ng'ombe wawili. Bi Mweka Hazina akamuuliza bila kuzunguka, "Mama, mwenzenu akitia maji katika maziwa, mnamfanyaje?"

"Kwanza hatumpigii kelele," akajibu. "Maziwa yakipimwa yangali na joto la ng'ombe, chombo husema ni mepesi kumbe si mepesi. Kwa hiyo tunayapoza na kuyapima tena, yeye akiona kwa macho yake. Yakiwa na maji, anarudi nayo nyumbani. Akirudia, anasimamishwa, na kikao kinamsikiliza."

Kisha akasimulia juu ya kikundi kidogo alichokuwamo zamani, kabla ya hiki. Walikuwa majirani wachache waliouza maziwa pamoja kwa mchuuzi mmoja. Hawakuwa na laktomita wala daftari, kwa kuwa walikuwa watu wa ukoo mmoja. Siku moja mchuuzi akarudisha maziwa yote, akisema yana maji. Hakuna aliyejua ni ya nani. "Yule aliyetia maji alikuwa mmoja," akasema mama, "lakini kuanzia siku ile sote tukawa wezi machoni pa wenzetu. Kikundi kikafa. Dada wa mume wangu mpaka leo hanijii nyumbani."

Mumewe Bi Mweka Hazina akamuuliza kama daftari halikuwavunjia heshima wenyeji wa kikundi hiki kipya. Mama akaenda ndani akarudi na kitabu chake kilichokunjamana. "Mimi sikusoma sana, lakini namba yangu naijua. Karani akikosea, kitabu hiki kinasema, naye husahihisha papo hapo. Bila hiki ningemnung'unikia moyoni mwaka mzima, naye asijue kosa lake."

Kijana wetu hakusema kitu, ila alikiomba kitabu kile akakitazama ukurasa kwa ukurasa.

Fiqhi ya kuchanganya mali

Fuqahaa wa madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, walipoeleza ushirika wa mali uitwao inan, waliweka sharti ambalo wanafunzi wa madrasa hulikariri bila kuliona kwa macho: mali za washirika zichanganywe kabla ya biashara kuanza, hata zisiweze kupambanuliwa. Sisi tulilisoma kwa mfano wa dirhamu na nafaka. Sisemi kwamba hukumu ya tangi la Kikima ni hiyo hiyo kila kipengele, kwani pale mfugaji hukipa chama chake maziwa kwa kipimo na kulipwa kwa kipimo. Nasema kwamba tangi linaifundisha hekima ya sharti lile. Mali ikishachanganyika, hasara ya mmoja huwa hasara ya wote, na uchafu wa mmoja humfikia kila mmoja. Kwa hiyo haki ya kila mtu lazima ijulikane kabla ya kumimina, kwa sababu baada ya kumimina hakuna jicho litakaloweza kuipambanua.

Ndiyo maana aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqarah, haikuteremka juu ya vita wala juu ya hija. Inahusu kuandika deni, mwandishi na mashahidi. Walioambiwa waandike ni masahaba, watu ambao hatuwezi kujilinganisha nao kwa udugu wala kwa kuaminiana. Ikiwa wao waliamrishwa kuandika, basi kusema "sisi tunaswali safu moja" si hoja ya kuacha daftari. Wahenga wetu nao walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Upande wa pili pia una neno lake. Daftari peke yake halimzuii mtu kutia maji usiku, nyuma ya banda, wakati karani amelala. Wanahistoria wa Kiislamu wanasimulia kwamba Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.), akizunguka Madina usiku, alimsikia mama akimwamuru binti yake achanganye maziwa na maji kabla ya kuyauza, na binti akakataa, kwa kuwa Khalifa amekataza. Mama akasema Khalifa hatuoni. Binti akajibu kwamba Mola wa Khalifa anaona. Umar akamwoza binti yule kwa mwanawe Asim, na katika kizazi chao akatoka Umar bin Abdulaziz, khalifa aliyesifika kwa uadilifu. Laktomita hukamata maji yaliyokwisha tiwa. Lililomzuia binti yule asitie ni kumcha Mungu, na tangi la watu wengi linahitaji vyote viwili.

Taifa letu limekwisha kuonja matokeo ya kukosa amana katika maziwa. KCC, iliyoundwa na walowezi mwaka 1925 na baadaye kutegemewa na wafugaji wa nchi nzima, iliporomoka mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa uongozi mbaya na madeni, na wakulima wakabaki wakidai fedha za maziwa yaliyokwisha nyweka. Ilifufuliwa mwaka 2003. Mfugaji wa Kenya wa umri wangu anayakumbuka mambo hayo, na ndiyo sababu anaposaini kitabu chake huangalia kwanza.

Mambo mawili ya kisheria

Wasomaji wataniuliza kuhusu mkopo, kwa kuwa ng'ombe mmoja wa kisasa si wa bei ndogo na watu wengi humnunua kwa mkopo wa riba. Kikundi chetu kina akiba yake, na akiba isiyotosha hununua ng'ombe wachache, haihalalishi riba. Anayehitaji zaidi, nchini mwetu tangu 2008 zipo benki zinazofuata sheria ya Kiislamu, ambazo huweza kumnunua mnyama na kumuuzia mteja kwa faida iliyo wazi. Na aende akiwa ameisoma karatasi yote, asitosheke na jina la Kiislamu mlangoni.

La pili ni zaka. Ng'ombe wanaolishwa bandani kwa majani ya kukatiwa na kununuliwa hawana zaka ya mifugo katika madhehebu yetu, kwani zaka hiyo ni ya wanaojilisha malishoni, na kiwango chake huanzia ng'ombe 30. Lakini fedha za maziwa zikikusanyika zikafika nisab na kupitiwa na mwaka, zina zaka yake kama fedha nyingine.

Tulivyokubaliana

Tuliporudi tulikutana baada ya Isha, familia zote 12. Sikuhutubu. Nilimwomba kijana asimulie aliyoyaona, naye akasimulia habari ya mama na kikundi kilichokufa bila kuacha neno, akamaliza kwa kusema kwamba sasa angetaka jina lake liwe la kwanza katika daftari.

Tukakubaliana mambo haya. Tunaanza na ng'ombe wawili, si sita, mpaka majani na maji ya kiangazi kimoja yaonekane. Mtaji wa kila familia umeandikwa na kushuhudiwa, na faida na hasara zitagawanywa kwa kadiri ya mtaji, kama fiqhi yetu ilivyopanga. Mchungaji atapata ujira unaojulikana, ambao hautategemea faida. Maziwa yatapimwa mbele ya watu wawili, asubuhi na jioni, na kila familia itakuwa na kitabu chake. Hesabu itasomwa kwa sauti kila mwezi, hata mwezi ambao hakuna cha kugawa. Anayetaka kutoka atatoka kwa wema, na njia ya kutokea imeandikwa kabla hajaihitaji.

Familia moja ilitoka usiku ule ule. Haikuridhika. Ilirudishiwa fedha zake kamili mbele ya mashahidi, ikasaini, na tukasomeana Fatiha. Wale wawili walioacha kuamkiana wameanza tena kuamkiana. Bado kwa sauti ndogo, lakini wanaamkiana.

Kwa msomaji anayetaka kwenda Kikima, namnasihi aende na familia yake, awaonyeshe watoto pakiti ya maziwa inaanzia wapi. Na kila msomaji aliye katika chama, iwe ni cha akina mama, cha mazishi, cha nyumba ya wakfu au cha mashua, ajiulize usiku wa leo: kitabu changu kiko wapi, na mara ya mwisho kilisomwa lini? Tumefundishwa kwamba Mwenyezi Mungu huwa pamoja na washirika wawili maadamu mmoja wao hajamhini mwenziwe. Na tumefundishwa kwamba Mtume (S.A.W.) alipokunywa maziwa hakuomba apewe kilicho bora kuliko hayo, aliomba baraka ndani yake na azidishiwe hayo hayo.

Mwenyezi Mungu atubarikie riziki zetu, atuzidishie, na atujaalie kuwa waaminifu katika kile tulichokichanganya na wenzetu. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.